Raba ya kushambulia: anza na sponji

Umeuliza raba ipi ya raketi ya tenisi ya meza inamfaa anayeshambulia kwa topspini, yaani mpira unaozungushwa kwenda mbele. Mimi ningeangalia kwanza unene wa sponji, yaani tabaka la chini ya raba, jina la kampuni baadaye. Milimita 2.0 inatosha kabisa. Nene zaidi ina kasi, sawa, lakini ukigusa mpira mfupi karibu na wavu unapaa wenyewe, na mpinzani anakumaliza hapo hapo. Upande wa mbele (forehand) weka raba ngumu kidogo inayonata, kama Hurricane 3, ila hiyo inataka uzungushe mwili mzima. Ukifanya uvivu mpira unaishia wavuni. Upande wa nyuma (backhand) weka laini. Kama pigo lako bado halijatulia, chukua Yasaka Mark V pande zote mbili. Na ufute vumbi kila ukimaliza kucheza, raba chafu haishiki mpira.