Advice haina s: wingi unakaa kwenye kipimo
Kama ndo unaanza kuandika kiingereza kazini kuna kosa moja litakufata kimyakimya, mimi nilidumu nalo mpaka siku nilipomtumia bosi imeili nimeandika "please give me an advice" nikamalizia na "thank you for the informations", najiona nimemwaga kiingereza cha maana. Alinijibu vizuri tu, ila chini kabisa kaziandika upya sentensi zangu, an imetolewa na s imetolewa. Ile aibu bado naikumbuka.

Shida inaanzia kwenye kiswahili chetu. Sisi vifaa viwili, mizigo mitatu, mikate minne, tunahesabu bila wasiwasi, halafu kwenye kiingereza unakuta equipment, luggage na bread, pamoja na advice na information zangu zile, zinachukuliwa kama maji, hazihesabiki, ndo maana hazishiki an wala s. Lakini hayo maji si tunayahesabu kwa akili? Tone la maji, punje ya mchele, chembe ya mchanga. Basi ndo hivyohivyo, a drop of water, a grain of rice, unatanguliza kipimo na wingi unakaa hapo kwenye kipimo: two pieces of advice, three loaves of bread. Sio two piece of advices, hiyo nimeiona hadi kwa watu wana digrii zao. Na kitenzi kinafata kipimo, two pieces of luggage are missing, ila luggage ikiwa peke yake ni is.

Piece itakuokoa sehemu nyingi, furniture, evidence, news, homework, ila usiitupie kila kitu. Sabuni ni bar, karatasi ni sheet, jani moja la nyasi ni blade, radi ikimulika ni a flash of lightning na ngurumo yake ni a clap of thunder. Hizi hamna fomula, mimi nikikutana na nomino mpya naiandika na kipimo chake palepale. Na uchunge, kumpa mtu a piece of advice ni kumshauri, kumpa a piece of your mind ni kumchamba.

Halafu usizidishe, imeili yenye piece of kila mstari inachosha. Kama hutaji idadi some inatosha, I need some advice, kwisha. Na ukisikia mtu anaagiza two coffees usikimbilie kumsahihisha, yuko sawa, anamaanisha vikombe viwili.