Ethi Chanya, Kitabu cha Kuazima na Geji Iliyokufa

Swali: Nimerithi MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1966 kutoka kwa mjomba, hapa Nakuru. Fundi wangu anafuata faili la PDF alilopata bure, la MGB ya 1976 iliyouzwa Marekani. Alipofunga betri, dainamo iliacha kuchaji na geji ya mizunguko ya injini ikafa. Ninunue kitabu cha kiwanda, cha Haynes (wachapishaji wa vitabu vya kutengeneza magari), au hilo faili linatosha?

Jibu: Halitoshi, na nahisi ndilo lililoua geji yako. Gari lako lilitoka kiwandani Abingdon likiwa na ethi chanya, yaani upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Walibadilisha mwishoni mwa 1967, alteneta ilipochukua nafasi ya dainamo. Fundi wako amesoma maagizo ya 1976, akafunga hasi kwenye bodi, akawasha. Starta huzunguka vizuri tu hata betri ikigeuzwa, ndiyo maana watu hudhani wamepatia. Mwambie arudishe betri zilivyokuwa, na dainamo ipewe upya mwelekeo wake wa sumaku kabla injini haijawashwa tena.

Sasa niseme linalonichosha. Kila mwezi naletewa gari lililoharibiwa na mtu aliyesema, "MGB ni MGB, injini ni ileile ya cc 1798." Ukubwa ni uleule, ndiyo. Lakini hadi 1964 kranki, mhimili mkuu wa injini, ililala kwenye beringi 3, kisha zikawa 5. Gia ya kwanza haikuwa na sinkro, kile kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, hadi 1967. Yako ina kabureta mbili za SU. Ile ya Marekani ya 1976 ina moja ya Zenith-Stromberg, na msitu wa mipira ya kupunguza moshi ambayo fundi wako ataitafuta hadi jioni. Gari lilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na katika miaka hiyo 18 walikuwa wakichokonoa kitu karibu kila mara.

Wala usinunue kitabu kwa mwaka ulioandikwa kwenye logibuku. Gari la umri huu huenda limeshabadilishiwa injini. Soma nambari zenyewe: chasisi ya gari kama lako huanza na GHN3 (au GHD3 ikiwa ni ile ya paa gumu, GT), na kibati kilicho ubavuni mwa bloku, upande wa kulia, kinapaswa kuanza na 18GB. Ukikuta 18V, basi mjomba aliweka injini ya miaka ya sabini, na utahitaji kurasa mbili tofauti kwa gari moja.

Kuhusu vitabu: cha kiwanda kiliandikiwa fundi wa wakala aliyekwisha kufunzwa. Kitakwambia "tumia kifaa maalumu nambari fulani," kisha "rudisha kwa kufuata kinyume," kikunyamazie. Vipimo vyake ndivyo ninavyoviamini. Haynes walitengeneza vyao kwa kulifumua gari zima na kulipiga picha hatua kwa hatua. Cha kwanza, mwaka 1966, kilikuwa cha Austin-Healey Sprite, binamu mdogo wa gari lako. Anza na cha Haynes cha MGB, lakini kinabeba miaka yote pamoja, kwa hiyo usiishie aya ya kwanza: aya ya tatu mara nyingi ndiyo inayosema "magari ya kabla ya hapa." Ukipata na katalogi ya vipuri, ichukue hata kama imechafuka grisi. Michoro yake huonyesha kila washa, kile kipete cha chini ya nati, inakaa wapi, na hakuna klipu ya simu itakayokuonyesha hilo.

Vya zamani vina upofu wao. Vingi havikuonyi kuhusu vumbi la breki, ambalo kwenye gari la umri huo linaweza kuwa na asbesto; usilipulize kwa kompresa, hata ukimwona fundi akifanya hivyo kila siku.

Na hao wanaouza fotokopi zilizokatwa kurasa, au faili lenye jina "MGB miaka yote": kabla ya kutoa pesa, fungua mwishoni kwenye michoro ya waya. Inapaswa kuwa kadhaa, kila mmoja na miaka yake. Ukikuta mmoja tu, mrudishie mwenyewe.