Flashi imejaa vimshale na folda hazifunguki: usifomati kwanza

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Flashi yangu ya GB 16 ina mradi wangu wote wa mwaka: picha, majedwali ya data na ripoti niliyokaribia kuimaliza. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya maabara ya shule, niliona kila folda ina kimshale kidogo pembeni, lakini zote zilifunguka kama kawaida. Nilipofika nyumbani antivairasi ikasema imekuta virusi na imevifuta. Tangu hapo nikibonyeza folda yoyote naletewa ujumbe kwamba faili la skripti halipatikani. Nimewasha sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa na bado sioni kitu. Je, antivairasi imefuta kazi yangu? Mwenzangu ananishauri nifomati flashi ili nianze upya. Mradi unakusanywa wiki ijayo.

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Usifomati. Tena kuanzia sasa usihifadhi kitu kipya kwenye flashi hiyo, hata faili moja dogo. Kwa dalili ulizozieleza, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba kazi yako bado imo humo humo, nzima.

Hakikisha mwenyewe. Pale kompyuta inapoorodhesha diski zake, bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha tazama nafasi iliyotumika. Kila kimoja cha vile vimshale kina KB chache tu. Ukikuta nafasi iliyotumika ni mamia ya MB au zaidi, basi kinachoijaza ni mradi wako. Jumla ya flashi ikisomeka karibu GB 14.9 badala ya 16, usidhani kirusi kimekula sehemu: watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa 1,073,741,824.

Kirusi cha aina hii hakifuti folda, kinazificha. Huzipachika alama mbili ambazo Windows inazitambua: moja ya faili lililofichwa, nyingine ya faili la mfumo. Kisha kwa kila folda hutengeneza njia ya mkato (shortcut, ndiyo yenye kile kimshale) yenye jina lilelile na sura ileile. Ukiibonyeza, inaendesha skripti ya kirusi, yaani faili la maagizo yake, kimyakimya, halafu inakufungulia folda yako halisi. Ndiyo maana ulipokuwa maabara hukushuku kitu. Antivairasi ya nyumbani imeifuta ile skripti, na hapo imefanya kazi yake vizuri. Lakini njia za mkato zimebaki, na kila moja inaendelea kuita skripti isiyokuwepo tena. Kinachokosekana kwenye ujumbe huo ni skripti ya kirusi. Ripoti yako haihusiki kabisa.

Hukuona kitu ulipowasha mafaili yaliyofichwa kwa sababu hiyo hiyo ya alama mbili. Ulichowasha huonyesha yale yenye alama ya kwanza peke yake. Faili lenye alama zote mbili Windows hulichukulia kuwa mali yake ya ndani, na kulionyesha kuna mpangilio mwingine kabisa. Hata ukienda kuondoa tiki ya Hidden kwenye Properties, utakuta kisanduku kimefifia na hakibonyezeki. Wengi hukata tamaa hapo na kufomati, na inaniuma kila ninaposikia, maana kazi yao walikuwa nayo mkononi.

Sasa tuitoe. Mimi hupendelea kuanza kwa kunakili kila kitu nje ya Windows. Kama kuna mtu mwenye simu ya Android na kiunganishi cha OTG (kile kinachowezesha flashi kuchomekwa kwenye simu), chomeka flashi kwenye simu ufungue programu yake ya mafaili. Android haizijali zile alama za Windows, kwa hiyo folda zako zitaonekana wazi, na skripti ya Windows haiwezi kufanya kazi humo. Kompyuta yenye Linux inafaa vilevile. Nakili folda zote halisi kwenye simu, ukiacha vifaili vidogo vinavyoishia na lnk, vbs, js au wsf. Ukikutana na folda inayoonekana haina jina, usiipite. Baadhi ya virusi hivi huhamishia kila kitu ndani ya folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, na mradi wako wote unaweza kuwa humo.

Huna simu ya namna hiyo? Fanya kwenye Windows. Tazama flashi imepewa herufi gani. Hapa nitatumia E, wewe weka yako na uwe makini, amri hii isielekezwe kwenye diski C. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi, kisha andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter usubiri. Folda zikiwa nyingi inachukua muda. Herufi h na s ni zile alama mbili zinazoondolewa, r huondoa zuio la kuandika, /s huingia ndani ya kila folda na /d hugusa folda zenyewe, si mafaili tu. Ikimaliza, fungua flashi: folda halisi zitakuwa zimesimama kando ya zile za uongo. Nakili za kweli, usibonyeze za uongo. Ukiona folda iitwayo System Volume Information, iache. Hiyo ni ya Windows.

Iwapo nafasi iliyotumika ilikuwa karibu na sifuri tangu mwanzo, hali ni nyingine: mafaili yamefutwa kweli. Hata hapo tumaini lipo, kwa kuwa kufuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili lilipo na data hubaki mpaka iandikiwe juu. Programu za Recuva na PhotoRec ni za bure na hufanya uokoaji huo. Zisakinishe kwenye kompyuta, na mafaili yatakayookolewa yahifadhi kwenye kompyuta pia, kamwe si kwenye flashi hiyo. PhotoRec hairudishi majina ya awali, kwa hiyo utalazimika kufungua faili moja moja ulitafute lako.

Nakala zikishakuwa mahali pawili, mathalani kwenye kompyuta na kwenye Google Drive inayotoa GB 15 bila malipo, hapo ndipo ushauri wa mwenzako unafaa. Fomati, na kwenye aina ya mpangilio wa flashi uchague exFAT, maana aina ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Kompyuta ya nyumbani nayo ikague, kwa sababu kirusi hiki hujinakili kwenye mashine na kusubiri flashi inayofuata. Endesha ukaguzi kamili wa antivairasi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame orodha ya programu zinazoanza na Windows. Ukikuta wscript (programu ya Windows inayoendesha skripti) au jina la skripti usiyoijua, izime.

Ukirudi maabara, panga mafaili kwa mtazamo wa Details. Jina peke yake litakudanganya, kwani Windows haionyeshi kiendelezi (herufi za mwisho wa jina la faili) cha lnk hata ukiwa umewasha viendelezi vyote, lakini safu ya Type itakuandikia Shortcut. Tazama safu hiyo kabla hujabonyeza chochote. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia flashi kujiendesha zenyewe kwenye matoleo ya zamani ya Windows, na tangu hapo virusi vya namna hii hutegemea kidole cha mtumiaji.

Mwambie mwalimu wa maabara leo, usisubiri mradi ukusanywe. Mashine zote zinatakiwa kukaguliwa siku moja, pamoja na flashi za wenzako zilizopita hapo, kwa sababu ikibaki moja itaziambukiza nyingine upya. Na mradi wako, mwalimu akikubali, utume kwa barua pepe.