Kumtoa mwimbaji kwenye wimbo: kabla ya programu, uliza faili imetoka wapi

Watu wanaoniletea nyimbo niwatolee sauti ya mwimbaji wabaki na biti tupu huanza kwa kuuliza programu gani ni kali. Mimi huwauliza wimbo wameutoa wapi. Ukinipa fleshi yenye MP3 ya kilobiti 128, iliyonyofolewa kwenye video ya mtandaoni na kugeuzwa faili mara mbili tatu njiani, hakuna programu itakayokuokoa. Biti itatoka kama inapigwa chini ya maji.

MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ndogo zilizofunikwa na sauti kubwa, kwa hesabu kwamba sikio lako halitazikosa. Katika wimbo, anayefunika wenzake mara nyingi ni mwimbaji. Gitaa dogo lililokuwa likichezwa nyuma yake limeshapunjwa zamani, ila huwezi kujua mradi yeye bado anaimba. Mwondoe, na mashimo yote yanasikika. Ndiyo maana nasisitiza CD, WAV au FLAC, ambazo hazitupi sauti yoyote. Ukikosa kabisa, tafuta MP3 ya kilobiti 320.

Na kabla hujagusa kompyuta, piga simu. Nairobi hii imejaa maprodyuza, na kama wimbo ni wa miaka ya karibuni kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi yote bado imelala kwenye kompyuta ya aliyeurekodi. Yeye anazima tu mistari ya sauti na kutoa biti safi ambayo mimi na wewe hatutaifikia hata tukeshe. Wengine watakupa bure wakisikia ni ya kwaya, wengine watakutajia bei. Lipa. Hasa lipa kama unakusudia kurekodi sauti yako juu ya biti hiyo na kuitoa kwa watu, kwa sababu utunzi wa wimbo na rekodi yenyewe ni haki mbili tofauti chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na kumfuta mwimbaji hakufuti hata moja. Mfumo wa YouTube wa kutambua miziki unaweza kuinasa rekodi ya mtu hata ikiwa haina sauti ya mwimbaji ndani. Kufanyia mazoezi nyumbani ni jambo moja, kupandisha mtandaoni ukidai ni yako ni jingine.

Umekosa prodyuza? Sawa, tuingie kazini.

Njia ya zamani bado inafaa kujulikana, maana haihitaji kompyuta yenye nguvu. Nyimbo nyingi za sterio humweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake iko sawasawa upande wa kushoto na wa kulia. Katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, unagawanya wimbo uwe mistari miwili ya mono, yaani kushoto kivyake na kulia kivyake, unachagua mmoja na kuupindua kwa amri ya Invert. Ukiijumlisha, kila kilichokuwa sawa pande zote kinafutana. Shida ni kwamba si mwimbaji peke yake anayekaa katikati. Gitaa la besi linakaa hapo, dramu kubwa na sneya pia, na zote zinaondoka naye. Mwangwi wa sauti yake, uliotandazwa pembeni, unabaki ukielea peke yake. Audacity ina kifaa tayari cha kupunguza sauti za waimbaji kinachokuruhusu kuweka mipaka ya masafa, na ukiweka mpaka wa chini karibu na hezi 120, besi nyingi itasalia. Kwa wimbo mmoja mmoja matokeo yanaridhisha. Kwa mingi hayaridhishi.

Halafu kuna zilizopendwa. Kijana anachukua benga ya santuri ndogo iliyorekodiwa enzi za studio za River Road hapa Nairobi, anafanya hatua zote kama alivyoelekezwa, na anabaki na kimya. Anadhani ameharibu kitu. Hajaharibu. Rekodi nyingi za wakati ule ni za mono, kushoto na kulia ni kitu kimoja, kwa hiyo ukitoa kimoja kwa kingine jibu ni sifuri. Kama faili ilinakiliwa kutoka kwenye santuri yenyewe, utasikia mikwaruzo tu, kwa kuwa mikwaruzo ndiyo pekee isiyolingana pande mbili.

Kwa nyimbo hizo tunashukuru programu za akili bandia. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa Spleeter bure kwa kila mtu. Watafiti wa Facebook nao wakaja na Demucs, inayogawa wimbo mafungu manne: sauti, dramu, besi na vilivyobaki. Programu hizi zimefunzwa kwa nyimbo ambazo kila sehemu yake ilikuwa imehifadhiwa kivyake, zikajifunza sauti ya mtu ina umbo gani, kwa hiyo hazijali kama rekodi ni mono. Spleeter ina kasi, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida hukata kila kitu kilicho juu ya kilohezi 11, na upatu wa dramu ndio unaoumia. Mimi hutumia Ultimate Vocal Remover, ambayo pia ni bure na inabeba Demucs pamoja na modeli nyingine (programu zilizofunzwa hivyo hivyo) chungu nzima. Laptopu isiyo na kadi ya picha itachukua muda, kwa hiyo anzisha kazi uende ukapike, na chaja iwe imechomekwa, maana stima zetu unazijua. Asiye na kompyuta anaweza kutumia Moises kwenye simu, ajue tu kwamba kiwango cha bure kina mipaka na bando litaliwa kwa kupandisha na kushusha mafaili.

Muziki wetu lakini una vituko vyake. Saksafoni ya rumba mara nyingi hudhaniwa ni mtu anaimba, ikaondolewa kipande kipande. Gitaa la solo la benga, linalomfuata mwimbaji noti kwa noti, nalo hupoteza vipande. Kwa hiyo usitupe faili ya sauti iliyotolewa. Isikilize peke yake kwa hedifoni nzuri, na ukisikia saksafoni humo ndani, kata sehemu hiyo uirudishe kwenye biti. Na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanajinyima bila sababu: si lazima wimbo mzima upite kwenye mashine. Utangulizi hauna mwimbaji, kwa nini uuchuje? Chukua rekodi halisi mahali pote ambapo hakuna anayeimba, tumia iliyochujwa pale tu anapoimba, na uunganishe viungo polepole visisikike. Kwa rumba, sebene nzima, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, unaweza kuiacha ilivyo, na kelele zake za kuhamasisha wachezaji zibaki. Ukizitoa unaacha mabonde, na binafsi naona sebene bila makelele haijakamilika.

Waitikiaji ni uamuzi mwingine. Mwimbaji wa harusi anayesimama peke yake anawahitaji nyuma yake, wakati kwaya ya watu wengi haiwahitaji. Ultimate Vocal Remover ina modeli za karaoke zinazojaribu kumtoa kiongozi na kuwaacha waitikiaji. Zinafaulu zaidi pale ambapo kiongozi yuko katikati na waitikiaji wametandazwa pembeni.

Sasa biti iko tayari, usiihukumu kwa spika ya simu. Ipeleke kwenye vyombo vitakavyotumika na umwombe fundi mitambo aicheze. Makanisa mengi huunganisha kushoto na kulia kuwa mono kwenye mikisa. Biti ya njia ya zamani ambayo pande zake mbili zimeachwa kinyume, ukizijumlisha zinafutana tena, na nimewahi kuona mwimbaji amesimama na maiki mbele ya waumini huku spika hazitoi chochote, ilhali kwenye hedifoni yake kila kitu kilikuwa sawa. Jaribu siku ya mazoezi.

Mwisho ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa. Mwimbaji wako akitaka ushushwe nusu toni mbili, usishushe faili nzima. Kwa kuwa Demucs imekupa mafungu, shusha besi na vilivyobaki, dramu ziache zilivyo, kwa sababu dramu zilizoshushwa hulegea na kupoteza mpigo. Ikizidi nusu toni tatu, kwa sikio langu, gitaa linaanza kutetemeka vibaya, na hapo namwita mpiga kinanda apige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzito nzito juu ya biti. Anaziba mashimo yaliyoachwa na mwimbaji, na mara nyingi hata mimi niliyetengeneza sijui tena yalikuwa wapi.