Maswali ya Wasomaji: Ubelgiji, Nchi Moja Serikali Sita

Nilisikia kwamba wakati wa korona Ubelgiji ilikuwa na mawaziri tisa wenye dhamana ya afya. Nchi ya watu wasiofika milioni 12! Ni ulaji au ni nini? (Msomaji, Bukavu)

Si ulaji, ni katiba. Wabelgiji waligawa madaraka mara mbili. Mgawo wa kwanza ni wa ardhi: kanda tatu, yaani Flandria (ya Kiholanzi), Wallonia (zaidi ya Kifaransa) na Brussels (ya lugha zote mbili), zenye uchumi, barabara na ajira. Wa pili ni wa lugha: jumuiya ya Kiholanzi, ya Kifaransa na ya Kijerumani, zenye elimu, utamaduni na baadhi ya huduma za afya. Mipaka ya migawo hiyo hailingani. Flandria ilikwisha kuunganisha serikali yake ya kanda na ya jumuiya. Upande wa Kifaransa haukufanya hivyo. Ongeza serikali ya shirikisho, jumla sita. Bima ya matibabu ilibaki serikali kuu, chanjo zikashushwa chini, ndiyo maana meza ya afya ilijaa watu mwaka 2020.

Brussels ndiko fundo lilikokazwa, kwa sababu jumuiya mbili zinafanya kazi juu ya ardhi ileile. Chukua mtaa wenye shule mbili zinazotazamana, moja ya Kiholanzi na moja ya Kifaransa. Tangu 2022, ya Kifaransa hufunga wiki mbili kwenye likizo ya vuli na hufungua mwishoni mwa Agosti. Ya Kiholanzi hufunga wiki moja, hufungua Septemba mosi. Mzazi mwenye mtoto huku na mwingine kule, likizo yake ya kazini haimtoshi.

Kwetu Kenya, rais lazima apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Je, Wabelgiji wana kitu cha kumlazimisha kiongozi aombe kura pande zote? Na wananchi wenyewe wanataka nchi ivunjwe? (Msomaji, Mombasa)

Kitu hicho hawana, na kwa maoni yangu hapo ndipo kidonda kilipo. Vyama vikubwa vya kitaifa vilipasuka kwa lugha: vya Kikristo 1968, vya kiliberali 1972, vya kisoshalisti 1978. Leo ni chama cha mrengo wa kushoto cha PVDA-PTB tu, miongoni mwa vilivyomo bungeni, kinachobaki kimoja kwa lugha zote. Bart De Wever, waziri mkuu tangu Februari 2025, aligombea Antwerp, Flandria. Mpiga kura wa Liège, Wallonia, hakuwa na njia ya kumchagua wala kumkataa. Chama chake, N-VA, cha wazalendo wa Flandria, kilijaribu kuweka wagombea Wallonia mwaka 2024, kisiambulie kiti hata kimoja.

Kinga zilizopo zinafanya kazi baada ya uchaguzi. Katiba inataka mawaziri wa lugha mbili kubwa walingane idadi, waziri mkuu akiweza kuachwa nje ya hesabu. Sheria za kugawa madaraka zinahitaji theluthi mbili ya kura zote, pamoja na wingi ndani ya kila kundi la lugha bungeni. Kinga hizo zinazuia upande mmoja kuuburuza mwingine, lakini mwanasiasa hapati sababu ya kusafiri kilomita mia kwenda kujieleza. Baada ya uchaguzi wa 2010 walikaa siku 541 bila serikali mpya. Wasomi wa Kundi la Pavia walipendekeza viti 15 kati ya 150 vichaguliwe na nchi nzima. Ndiyo dawa iliyo karibu zaidi na asilimia 25 yenu, ila haijapitishwa.

Kuhusu kuvunja nchi: hata Flandria, wanaotaka kujitenga kabisa ni wachache. Wengi wanabishana kuhusu nani ashike nini, na wapo wanaotaka baadhi ya madaraka yarudishwe juu. Usiisome kila kura ya Vlaams Belang, chama cha Flandria kinachotaka kujitenga, kuwa ya uhuru. Wapiga kura wake wengi hukichagua kwa sababu ya kupinga uhamiaji.

Dada yangu anaishi Linkebeek, anaongea Kifaransa. Mbona barua za halmashauri zinamjia kwa Kiholanzi? (Msomaji, Bujumbura)

Linkebeek iko Flandria, lakini ni moja ya halmashauri sita kandokando ya Brussels ambako wakazi wana haki ya kuhudumiwa kwa Kifaransa. Ila haki hiyo huombwa. Waraka wa Flandria wa 1997 ulitaka aombe upya kwa kila hati. Mwaka 2014 Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, likaamua ombi la maandishi lidumu miaka minne. Basi aandike barua, abaki na nakala yenye tarehe, na aandike nyingine kabla muda haujaisha. Akikumbuka mwaka wa tano, Kiholanzi kitakuwa kimesharudi.

Na wale wa Kijerumani? (Msomaji, Moshi)

Hawafiki laki moja, wana halmashauri tisa, na makao makuu yao ni Eupen. Hawana kanda yao, wako ndani ya Wallonia. Lakini kwenye kusikiliza raia wamewaacha wenzao mbali: tangu 2019 wana baraza la kudumu la watu 24, waliowahi kupita kwenye kura ya bahati nasibu. Baraza huchagua mada, kisha kikao cha raia 25 hadi 50, nao wa bahati nasibu, huandika mapendekezo. Bunge likiyakataa, lazima litoe sababu.