Kompyuta imenichorea njia ya kale. Nitajuaje kama watu walipita hapo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya akiolojia. Nina makazi 11 ya kale kwenye ramani, na nimetumia programu kukokotoa njia nyepesi kuliko zote kutoka kila makazi hadi kwa jirani yake. Msimamizi wangu ameniuliza swali moja tu: "Umejuaje kwamba watu walipita hapo?" Nimekosa jibu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwa sasa hujui, na kwa hatua uliyofikia hilo si kosa. Mstari ulioupata unaonyesha angepita wapi mtu asiyejali chochote ila kupunguza uchovu wa miguu. Uchukue kama kipimo cha kulinganishia, kisha nenda nao uwandani.

Kabla ya kutoka, kagua hesabu yenyewe. Kanuni inayotumika sana ni ya mwanajiografia Waldo Tobler, ya mwaka 1993, inayokadiria mwendo wa mtembea kwa miguu kulingana na mwinamo wa ardhi. Kwenye tambarare inatoa takriban kilomita 5 kwa saa, na kasi ya juu kabisa, kilomita 6, iko kwenye mteremko mdogo wa asilimia 5. Sasa weka mwinamo wa asilimia 20: kupanda ni kilomita 2.5 kwa saa, kushuka ni 3.5 hivi. Kwa hiyo njia ya kwenda na njia ya kurudi huenda zisiwe moja, nawe umechora moja. Kokotoa pande zote mbili. Kumbuka pia kwamba kanuni hii inamhusu mtu anayetembea. Mchungaji anayeswaga kundi hufuata maji na malisho, hata kama njia inazunguka.

Halafu ramani yako ya miinuko ni ya leo. Mito imehama, na mabonde mengine yamefunikwa na mabwawa ambayo programu inayaona kama tambarare safi. Kinamasi nacho ni hivyo hivyo. Niliwahi kufuata mstari wa aina hiyo hadi nikazama magotini, na tangu siku hiyo sipeleki wanafunzi uwandani bila kwanza kuweka maji ya zamani kwenye ramani.

Ushahidi wa njia yenyewe uko ardhini. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kaskazini mashariki mwa Syria, kwenye magofu kama Tell Brak. Huko, katika Zama za Shaba Nyeusi (bronzi), miguu ya watu na kwato za mifugo zilichimba mifereji mipana, makumi ya mita, yenye kina kidogo tu. Ukisimama ndani yake unaweza usiione. Inaonekana vizuri kwenye picha za setilaiti za kijasusi za Marekani ziitwazo CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kutolewa kwa umma mwaka 1995, kabla trekta na umwagiliaji havijafuta mengi. Mifereji hiyo inatoka kwenye kilima cha magofu kama mionzi ya jua, kisha mingi inafifia baada ya kilomita 3 hadi 5. Kwa nini ifie hapo? Maelezo yanayokubalika ni kwamba karibu na mji njia ilibanwa na mashamba pande zote mbili, kundi likalazimika kukanyaga palepale kila siku; mashamba yalipoishia, mifugo ikatawanyika malishoni. Hivyo mwisho wa mfereji unakuonyesha mpaka wa kilimo cha mji ule, jambo ambalo vigae, yaani vipande vya vyungu, vya mjini peke yake visingekwambia.

Arenal, nchini Costa Rica, ina somo la aina nyingine. Picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za NASA, miaka ya 1980, zilionyesha mistari myembamba, na mitaro iliyochimbwa kuikata ikathibitisha kuwa ni mapito ya miguu yaliyofukiwa na majivu ya volkano. Tabaka za majivu zikasaidia kuyapa umri. Yaliunganisha kijiji, makaburi na chemchemi, nayo yalikata vilima moja kwa moja badala ya kuvizunguka. Programu yako isingeyachora hata kidogo. Waliokwenda makaburini walikuwa na sababu yao ya kunyoosha njia, na sababu hiyo ndiyo inayotufundisha kuhusu jamii yao.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua jozi tatu za makazi. Tembea mstari wa programu ukihesabu vigae, kisha tembea mwingine sambamba, mita 300 pembeni, kwa mwendo na macho yale yale. Bila huo wa pili, hesabu ya kwanza haina maana. Kagua vivuko vya mito kwa muda mrefu zaidi, maana hapo wapitaji hukusanyika. Ukiona mfereji, chimba mtaro wa kuukata, utazame kama sakafu yake imeshindiliwa na kitu gani kimeifukia. Pale njia halisi na mstari vitakapoachana, usisahihishe ramani. Uliza wapitaji walikuwa wanakwepa nini au wanafuata nini, na umpelekee msimamizi wako hilo kwanza.