Kofia za nozeli: ushauri wa fundi kwa wenye mitambo mizito

Saa tisa usiku hozi ya haidroliki, bomba la mpira linalopitisha oili ya presha, ilipasuka juu ya injini ya ekskaveta ambayo mimi mwenyewe niliikagua mchana wake. Nilikuwa fundi mitambo kwenye mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Oili iliruka kama ukungu, ikaangukia turbo, kile kifaa cha injini kinachochemka kwa moshi wake, ikawaka papo hapo. Opareta aliuona mwanga kwenye kioo cha pembeni akadhani ni taa za damptraki inayorudi nyuma kupakia. Alipotambua ni moto, ulishapanda juu ya boneti.

Mtambo ule ulikuwa na mfumo wa kuzimia moto. Mitungi ya unga, mabomba, nozeli (midomo midogo ya kupulizia unga), kitufe kimoja ndani ya kabini na kingine chini karibu na ngazi. Mzee yule opareta akabonyeza. Unga ukatoka, moto ukashuka, akashukuru Mungu. Sekunde chache baadaye ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Aliteremka salama, lakini mtambo uliteketea.

Asubuhi nilipokwenda kumpa pole aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, mimi nilibonyeza." Nikapanda kuangalia. Nozeli mbili zilizoelekea turbo zilikuwa zimeziba kwa grisi na vumbi vilivyokauka kama saruji. Kofia zake ndogo za kuzuia uchafu hazikuwepo. Kwenye fomu yangu, mbele ya maneno "mfumo wa kuzimia moto", niliweka alama ya vema. Nilichokuwa nimekagua ni kwamba mitungi ipo na lakiri ya kitufe haijakatwa, basi. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka vema kwa kutazama kwa macho tu, na ndiyo sababu ninawaandikia haya mafundi wenzangu, maopareta na ninyi wenye mitambo yenu.

Kofia zile hufunika mdomo wa nozeli ili uchafu usiingie, na presha ya unga au povu huzirusha zenyewe mfumo unapofanya kazi. Ni kitu kidogo kama kizibo cha chupa ya soda. Adui yake mkubwa ni mashine ya kuoshea: maji ya presha kali huzing'oa, mwoshaji haoni, na wiki mbili za vumbi la mgodi zinatosha kuziba tundu. Kuosha injini ni lazima, maana oili na matambara yaliyosahaulika huko ndani ndiyo kuni za moto. Basi zihesabu kofia kabla ya kuosha na baada ya kuosha, na uwe na za akiba kwenye sanduku la spana. Angalia pia nozeli inatazama wapi. Fundi akibadilisha alteneta huisogeza apate nafasi ya mkono, akaiacha inapulizia chasisi.

Kwa nini moto ulirudi? Nozeli zilichangia, lakini kubwa zaidi ni kwamba injini ilikuwa bado inanguruma. Pampu ya haidroliki ya ekskaveta kubwa husukuma oili kwa presha ya bar 300 na zaidi. Ukizima moto bila kuzima injini, hozi iliyopasuka inaendelea kuumwagilia mafuta, na feni inaupeperusha unga nje kabla haujafanya kazi. Halafu unga wenyewe hukata mwali haraka sana lakini haupozi chuma. Turbo kwenye kazi nzito hupita nyuzi joto 500, wakati dizeli inaweza kuwaka yenyewe, bila cheche yoyote, chini sana ya hapo. Oili mpya ikigusa chuma kile, mnaanza upya.

Kwa hiyo mfundishe opareta wako mpangilio huu mpaka aufanye usingizini: simamisha mtambo mahali salama, zima injini, bonyeza kitufe, shuka upande usio na moto, ondoka. Asifungue boneti kuchungulia, kwa sababu atauletea moto hewa mpya usoni mwake. Mifumo mingi huzima injini yenyewe baada ya kuchelewa sekunde kadhaa, na kuchelewa huko kumewekwa makusudi: damptraki lenye mzigo likizimika ghafla kwenye mteremko, dereva anaweza kupoteza usukani. Uliza mfumo wako unachelewa kwa sekunde ngapi, uwaambie madereva.

Watu huniuliza wanunue unga au povu. Kwa mtambo mzito wenye haidroliki nyingi mimi nachagua povu, kwa sababu maji yake yanapoza chuma. Mwenye uwezo wa kuweka vyote viwili aweke: unga uangushe mwali, povu lipoze. Na kama unaweza, nunua mfumo unaojiwasha wenyewe. Kuna wenye mrija wa plastiki uliojazwa presha, ambao hupasuka joto likizidi, na kuna wenye waya mbili ambazo ganda lake huyeyuka zikagusana, na hapo mfumo hujiwasha. Vyote vinataka kupitishwa juu ya turbo na manifodi (bomba linalokusanya moshi wa injini), sehemu yenye joto. Nimewahi kuukuta waya umefungwa kwa klipu pembeni kabisa, kwenye bomba la hewa baridi, kwa sababu fundi aliona huko ndiko hautasumbua.

Kwenye mfumo wa unga unaosukumwa na kichupa cha gesi, usitafute geji kwenye mtungi mkubwa. Kichupa kinafunguliwa na kupimwa kwa mizani, kisha unalinganisha na uzito uliogongwa juu yake. Fungua na mtungi pia. Mtikisiko wa kazi hushindilia unga ukawa tofali, na tofali halipiti kwenye bomba.

Kwa ninyi mnaonunua mashine zilizotumika: mitungi iliyoning'inia pembeni si ushahidi wa chochote. Mwite anayejua aukague mfumo wote na kuujaza upya kabla mtambo haujaanza kazi. Kama fedha ya mfumo haipo leo, anza na vya bei nafuu. Weka swichi kuu ya betri inayofikika ukiwa umesimama chini. Fungia mbali na turbo kila hozi inayosuguana na chuma, na iliyochubuka mpaka waya ukaonekana ibadilishe siku hiyo hiyo. Ng'oa nyaya za redio na taa za ziada zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Mitungi ya mkono iwe miwili, mmoja mtu aweze kuufikia bila kupanda mtambo.

Moto ukishafika kwenye matairi, acha. Tairi la damptraki likipata joto linaweza kuendelea kuungua kwa ndani bila kuonekana, na likapasuka saa kadhaa baada ya moto wa nje kuzimika. Migodini tunaondoa watu wote mita 300 na hakuna anayesogea kwa saa 24, hata bosi awe na haraka gani. Wale wanaokimbilia kupiga picha na simu ndio wanaonitia hofu kuliko wote. Kwa walio Tanzania, piga 114 mapema, na ukiongea na zimamoto wataje mambo matatu bila kusubiri waulize: tangi lina dizeli kiasi gani, matairi yameshika moto au la, na kama kuna mtu yeyote bado yuko juu ya mtambo.